Matairi mawili ya STI yamekwisha: ninunue yapi kwa hela niliyonayo?

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2008, gia za mkono, imetoka Japani. Inavaa 245/40R18. Mawili ya mbele yamekuwa vipara upande wa ndani, ya nyuma bado yana kashata (meno ya tairi) kama nusu. Naishi Dodoma, mara mbili kwa mwezi nashuka Dar. Hela niliyonayo inatosha matairi mawili ya jina kubwa, au manne ya Kichina. Fundi mmoja ananiambia nichukue mtumba wa Japani, eti ni bora kuliko jipya la Kichina. Mwingine anasema nishushe ringi ziwe 17. Nishike la nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ambalo mafundi wako wote wawili hawakuligusa, maana ndilo linaloamua mengine. Gari lako linahesabiwa matairi manne kwa pamoja. Ukiwa na Mark X ya kuvuta nyuma, mawili yakichoka unabadilisha mawili na safari inaendelea. STI inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na ndani ya gia boksi kuna difu ya kati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Difu ile imewekwa ili gari likikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yaweze kupishana kidogo mizunguko. Ukilivalisha matairi yasiyolingana, difu inapishana muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Tupige hesabu. Tairi jipya la 245/40R18 lina kipenyo cha takriban milimita 653, kwa hiyo kila kilomita linazunguka kama mara 487. Tairi la saizi hiyohiyo lililoliwa milimita 4 za kashata limepungua kipenyo hadi kama 645, na kilomita hiyohiyo linaimaliza kwa mizunguko 493. Sita tu, utasema. Lakini kutoka Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, yaani mizunguko karibu 2,700 ya ziada ambayo difu imelazimika kuimeza kwa safari moja ya kwenda tu. STI yako ina difu ya kati yenye klachi ndani yake, ile unayoirekebisha kwa kigurudumu kidogo karibu na gia. Kila klachi inapobana, matairi makubwa na madogo yanavutana, na mvutano ule unageuka joto. Mwenye gari anayependa kuiweka kwenye "Lock" juu ya lami kavu ndiye anayeimaliza mapema zaidi.

Mwongozo wa Subaru unaofuatwa na mafundi wao ni kwamba mzingo wa matairi manne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukigeuza kuwa kina cha kashata, unapata milimita 1. Moja! Wewe unataka kuweka mbele mapya kabisa na nyuma nusu.

Miaka michache nyuma nilipokea gari la aina yako ambalo mwenyewe alikuwa amenunua matairi mawili mazuri sana, ya jina kubwa, akaweka mbele. Nyuma aliacha ya zamani. Alipokuja kwangu alilalamika kwamba akikata kona kali kwenye maegesho gari linagoma, linaruka kama limeshikwa breki. Tulifungua gia boksi. Gharama ya kuitengeneza ingemnunulia seti nzima ya matairi zaidi ya mara moja. Yule bwana hakuwa bahili wala mzembe. Alinunua kilicho bora kwa hela aliyokuwa nayo, ila alikinunua nusu.

Kwa hiyo kati ya mawili ya jina kubwa na manne ya bei ya chini, chukua manne. Hapo sina shaka. Kazi iliyobaki ni kuchagua manne yenye akili, maana "ya Kichina" ni neno pana sana, na bado kuna daraja la katikati ambalo hukulitaja.

Lakini kabla hujatoa shilingi, rudi kwenye neno ulilolipitia haraka: yamekuwa vipara *upande wa ndani*. Hilo halitokani na tairi. Magurudumu yako ya mbele yanatazama nje, au yamelala kupita kiasi, au yote mawili. Tairi linalotazama pembeni kwa digrii moja tu linaburuzwa kando kama mita 17 kwa kila kilomita unayotembea. Fikiria kifutio unachokiburuza mita 17 juu ya lami, kisha zidisha kwa safari zako. Mtu akiweka matairi mapya juu ya alaimenti (mpangilio wa magurudumu) mbovu, anayaona yakiisha katika miezi michache halafu analaumu kiwanda. Nenda kwanza kwa fundi wa miguu: akague bushi za mikono ya chini, tairodi, boljointi na shokapu. Kama kuna bushi zilizokatika, kupiga alaimenti ni kupoteza hela, kwa sababu vipimo vinavyoonekana kwenye mashine gari likiwa limesimama vitabadilika ukikanyaga mafuta. Kama aliyekuwa nalo Japani aliweka springi fupi, mwambie fundi hilo pia, maana gari likishushwa magurudumu hulala ndani. Tenga hela hii ndani ya bajeti ya matairi. Usiihesabu kama jambo la baadaye.

Sasa tairi lenyewe. Tulisome pamoja, maana dukani utakutana na watu wanaosema "zinaingia tu". 245 ni upana kwa milimita, 40 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu wako una milimita 98, na 18 ni ringi. Baada ya hapo kuna namba na herufi kama 93W. 93 maana yake kila tairi linaweza kubeba kilo 650, na W ni kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190. Najua hukimbii 270 Tanzania hii. Herufi ile hata hivyo inasimulia jinsi tairi linavyovumilia joto na jinsi lilivyosukwa ndani, na gari zito lenye turbo linalokimbia mchana wa Dodoma linaihitaji nafasi hiyo. Fungua mlango wa dereva, soma kibao kilichobandikwa kwenye nguzo, na usishuke chini ya namba ya uzito iliyopo pale. Kwenye kasi, ningekuvumilia V, lakini kwa saizi yako mengi utakayoyaona yatakuwa W au Y, kwa hiyo hapo hutapata tabu.

Habari njema ni kwamba 245/40R18 ni saizi inayovaliwa pia na baadhi ya Mercedes-Benz E-Class na Audi A4 na A6. Maana yake inatengenezwa na karibu kila kiwanda, na ushindani unashusha bei. Wenye magari ya saizi za ajabu ndio wanaolia.

Madaraja nayaona hivi. Juu wako Michelin, Bridgestone, Continental, Pirelli na wenzao. Ni matairi mazuri kweli, na kama ungekuwa na hela ya manne ningekwambia nenda. Katikati ndiko ninakotaka uangalie kwanza: Hankook, Kumho na Nexen za Korea, Falken na Toyo za Japani, Apollo ya India na ndugu yake Vredestein. Hankook na Kumho huvalishwa magari mapya ya Ulaya tangu kiwandani, na watengenezaji wa magari hawakubali tairi bila kulipima. Falken inamilikiwa na Sumitomo, walewale wanaotengeneza Dunlop za Japani. Kuna ujanja mwingine wa halali: kampuni kubwa zina majina ya pili yanayouzwa kwa bei ya chini, mathalani Kleber ya Michelin, Barum na Matador za Continental, au Laufenn ya Hankook. Unapata mpira wa kizazi kilichopita, lakini umetoka kwa watu wanaojua kazi.

Chini yao kuna Sailun, Linglong, Triangle, Westlake, na GT Radial ya Indonesia. Sitakudanganya kwamba ni sawa na Michelin. Lakini ni viwanda vikubwa vinavyouza matairi yao Ulaya, na hapo ndipo unapoweza kuyapima ukiwa Dodoma bila kumwamini mtu yeyote. Umoja wa Ulaya unalazimisha kila tairi liwe na lebo ya daraja la kushika kwenye maji, kuanzia A hadi E. Tangu Mei 2021 lebo hizo zimo kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni iitwayo EPREL, na kila mtu anaweza kuingia bure. Andika jina la kampuni, jina la modeli na saizi yako. Utaona kwa macho yako kwamba kampuni ileile ya bei nafuu ina modeli ya daraja B na nyingine ya daraja D, na dukani bei zake zinakaribiana. Unapofunga breki kwa kasi ya 80 kwenye lami yenye maji, tofauti ya umbali wa kusimama kati ya tairi la juu na la chini kabisa inaweza kufika mita kumi na kadhaa. Hiyo ni nafasi ya magari matatu ya urefu wa lako. Kwa mtu anayepita Chalinze na Mlandizi masika, mimi nisingeshuka chini ya B, na C ningeikubali kwa shingo upande.

Kisha kuna majina ambayo hata ukiyatafuta hayapo popote isipokuwa kwenye duka lile. Hayo yaache. Hata yakiwa nusu bei, yaache.

Namba nyingine utakayoikuta ubavuni ni "Treadwear". Inaonyesha jinsi mpira unavyotarajiwa kuchelewa kuliwa, na kiwanda ndicho kinachojipimia, kwa hiyo itumie kulinganisha modeli za kampuni moja kuliko za kampuni tofauti. Kwa matumizi yako tafuta kati ya 300 na 450. Nakuonya kuhusu hili kwa sababu wenye STI hupenda kushawishiana kununua matairi ya mashindano kama Federal 595RS-R au Nankang NS-2R, ambayo bei yake inavutia. Yana namba za chini ya 200. Yanashika lami kavu kama gundi, na huko kwenye mashindano ndiko yanakostahili. Kwa kilomita 1,800 kwa mwezi za Dodoma na Dar, hutakaa nayo muda mrefu, na kina chake kikishuka mvua inakuwa adui.

Nije kwenye mtumba. Fundi wako ana nusu ya ukweli: tairi zuri la Japani lililotumika kidogo ni tairi zuri. Tatizo ni kile kinachotufikia. Japani wana theluji, na watu wengi huko wana seti mbili, ya kiangazi na ya baridi. Yale ya baridi yana mpira laini na mikato midogomidogo mingi kama ya wembe kwenye kila jino, na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Herufi yake ya kasi mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160. Mpira ule umeundwa kubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri. Ukiuleta kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana unakuwa kama ubani wa kutafuna: jino linajikunja ukifunga breki, gari linayumba, na kashata zinaisha haraka. Mwaka 2014 niliwahi kuuziwa seti ya namna hiyo na muuzaji mmoja, mapya kwa kuyatazama, na ilinichukua mvua moja ya asubuhi kwenye barabara ya Morogoro kuelewa nimenunua nini. Niliteleza hadi bega la barabara na watoto wangu wakiwa nyuma. Tangu siku hiyo huwa nasoma ubavu wote wa tairi, neno kwa neno, kabla ya kuuliza bei.

Hata likiwa la kiangazi, fanya hesabu ya milimita. Tairi jipya lina kama milimita 8. Vile vinundu vya ndani ya mifereji vinavyoonyesha mwisho viko kwenye 1.6, lakini kwa tairi pana kama lako, chini ya 3 halipitishi maji ya kutosha na gari linaanza kuelea. Kwa hiyo kwenye tairi jipya unanunua milimita 5 za kutumia. Mtumba wenye milimita 5 una 2 tu za kutumia. Ukiuziwa kwa nusu ya bei ya jipya, umelipa nusu kwa asilimia 40 ya maisha, tena ya tairi ambalo hujui liligonga nini. Mtumba una maana ukiwa chini ya theluthi moja ya bei ya jipya, na bado uwe mzima. Manne yanayofanana kampuni, modeli na kina, ndani ya milimita moja, kwenye saizi ya 18? Yanapatikana, sikatai, ila utazunguka Ilala na Gerezani wiki nzima.

Kuna hali moja tu ambapo mtumba ningeutetea kwako. Kama ya nyuma yako ni mazima, hayajazeeka, na ukapata mawili ya modeli ileile kabisa yenye kina kilekile, hapo unaweza kununua mawili na difu yako haitalalamika. Nenda na kipimo cha kina mkononi. Ni kitu kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, na kitakulipa siku ya kwanza.

Ukiamua mtumba, omba ulione ndani, kabla halijavalishwa. Angalia kama kuna viraka, kama kuna unga mweusi wa mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani. Hiyo ni alama kwamba liliwahi kukimbizwa bila upepo, na nyuzi zake zimeshachoka. Pitisha kiganja ubavuni kutafuta nundu. Kagua ukingo unaokaa kwenye ringi kama haukuchanwa na mitaimbo. Na mifereji ikionekana mirefu kuliko vile vinundu vya kuonyesha mwisho, au vinundu vyenyewe vimekatwa, basi tairi lilikuwa kipara likachongwa upya kwa kisu cha moto. Kwenye gari linalotembea kama lako, tairi la kuchongwa ni jambo la kuua mtu. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Umri unasomwa kwenye namba nne za mwisho za msimbo unaoanzia na DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Upande mmoja wa tairi mara nyingi hauna namba hizo, kwa hiyo ligeuze. Viwanda vingi vinashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka 5, na lisitumike baada ya 10 hata kama kashata zimejaa. Kwa jua letu mimi nasimama kwenye 6. Na kanuni hii ni ya duka la mapya pia: tairi "jipya" lililotengenezwa miaka minne iliyopita na kupangwa nje juani si jipya tena. Omba lisizidi miaka miwili, na manne yawe na tarehe zinazokaribiana.

Tumebakiza ringi za 17, na hapa fundi wako wa pili ana hoja nzuri kuliko anavyojua. Ringi ya 18 yenye ubavu wa milimita 98 kwenye mashimo yetu ni ringi ya kupinda na tairi la kutoa nundu. Ukishuka 17 na kuvaa 245/45R17, kipenyo kinabaki takriban 652, sawa na cha sasa, na ubavu unaongezeka hadi milimita 110. Spidomita haidanganyi, gari linakuwa laini zaidi, na matairi ya 17 kwa kawaida ni nafuu. 225/50R17 nayo inakaa kwenye 657, unapoteza upana kidogo lakini ni saizi ya magari mengi. Usikubali 225/45R17 kwa sababu tu "ipo": hiyo inashuka hadi 634, gari linakuwa chini, na spidomita itakuonyesha kasi kubwa kuliko unayokwenda.

Mitego ni miwili. Kwanza, STI yako ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati Impreza na Forester nyingi za miaka hiyo ni 100, kwa hiyo "ringi za Subaru" si jibu. Ringi za Toyota za 114.3 zinaingia, lakini tundu lake la katikati ni milimita 60.1 na kitovu chako ni 56.1, hivyo zinahitaji pete za kuziba pengo, la sivyo utatetemeka ukifika 100. Pili, kama gari lako lina zile kaliper kubwa za breki za Brembo, si kila ringi ya 17 inapita juu yake. Ivalishe mbele, izungushe kwa mkono, ndipo ulipe. Ukiuza zile za 18 ukanunua 17 nzima, kuna uwezekano tofauti ya hela ikakupandisha kutoka daraja la chini la matairi hadi la katikati. Kama ningekuwa mimi, kwa njia unayopita, ningefanya hivyo.

Siku ya kufunga, tafuta sehemu yenye mashine ya kuvulia na kuvalishia, usikubali mitaimbo kwenye tairi la ubavu mfupi. Valvu mpya zote nne. Balansi zote nne. Kama ubavu una neno "Outside", lionekane nje. Kama una mshale, ufuate mzunguko wa kwenda mbele. Mara tu baada ya hapo, alaimenti, na uombe karatasi ya vipimo. Chukua risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti hata muuzaji mwema hana namna ya kukurudishia tairi bovu. Kilomita mia mbili za mwanzo nenda taratibu, maana tairi jipya bado lina utelezi wa kiwandani.

Upepo upime asubuhi gari likiwa limelala, kwa geji yako mwenyewe, kufuata kibao cha mlango. Mafundi wengi wa pembeni mwa barabara wanajaza kwa kukisia. Kabla ya safari ya Dar, pima. Naitrojeni si lazima. Hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Kila kilomita 8,000 badilishana ya mbele na ya nyuma ili yote yaliwe sawasawa, kwa sababu ukisahau hilo utarudi palepale ulipo leo. Pancha ya katikati ya kashata izibwe kwa kiraka cha ndani chenye mkia, siyo utambi peke yake. Ya ubavuni haizibwi. Na mtu akikushauri uweke tyubu ndani ya tairi la ubavu mfupi, mshukuru uondoke: tyubu inasuguana na ubavu, inapata joto, na itapasuka ukiwa Gairo usiku.

Kuhusu yale mawili ya nyuma: soma DOT kwanza. Yakiwa yamepita miaka 6, yatobolewe ubavuni wakati uleule yanapovuliwa, ili asije mtu akayauza kwa mwingine. Yakiwa bado machanga na mazima ndani, tafuta mwenye E-Class ya kuvuta nyuma inayovaa saizi yako. Yeye anaweza kununua mawili bila shida yoyote, na hela yake ikalipia alaimenti yako.